Keki ya karatasi: maisha ya Elizabeth Hughes, na utamu wa siku moja moja kwa mtoto mwenye kisukari

Mama, au wewe bibi, shangazi au baba unayelea mtoto mwenye kisukari, najua swali linalokusumbua sikukuu inapokaribia. Watoto wengine watakula keki, kaimati, biskuti na soda. Wa kwako je? Kliniki mliambiwa apunguze sukari, nawe ukaelewa asiiguse kabisa. Ukimnyima, analia. Ukimpa, unalala na wasiwasi. Katika kazi yangu ya uuguzi wa afya ya jamii naulizwa swali hili kuliko hata swali la sindano.

Kabla sijakujibu, nikusimulie maisha ya Elizabeth Hughes. Alikuwa Mmarekani, mmoja wa watoto wa kwanza kabisa duniani kutibiwa kwa insulini, na wanaofundisha habari za kisukari wanamtaja hadi leo. Nimemchagua kwa sababu aliishi pande zote mbili: miaka mitatu ya kunyimwa karibu kila kitu, na miaka 58 ya kula kwa kipimo.

Alizaliwa mwaka 1907. Baba yake, Charles Evans Hughes, wakati huo alikuwa gavana wa jimbo la New York. Baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1916 akagombea urais na kushindwa kwa tofauti ndogo na Woodrow Wilson, na mwaka 1921 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Nakutajia vyeo hivyo ujue kwamba nyumba ile haikukosa chakula, wala haikukosa fedha za daktari. Kisukari kiliingia hata hivyo. Mwaka 1919, Elizabeth akiwa na miaka 11, alipata dalili ambazo huenda wewe mwenyewe uliziona kwa mwanao: kiu isiyoisha, njaa, na kukonda bila sababu.

Nikukumbushe kwa ufupi ugonjwa wenyewe. Tukila wali, ugali, mkate, ndizi au sukari, mwili huvigeuza kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Ili sukari hiyo iingie kwenye misuli na kutupa nguvu inahitaji insulini, inayotengenezwa na kongosho. Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho imeacha kuitengeneza. Sukari inarundikana kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo, huku mwili wenyewe ukiwa na njaa. Mtoto hakukipata kwa kula pipi, wala hukumletea wewe kwa kumpikia vibaya. Naomba hilo liingie moyoni, maana kina mama wengi wanabeba lawama isiyo yao.

Mwaka 1919 insulini ya kutibu haikuwepo popote. Mtoto aliyepata kisukari alikufa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wazazi wa Elizabeth walimpeleka kwa Dk. Frederick Allen, bingwa wa kisukari wa siku zile. Hoja yake ilikuwa hii: kama mwili hauwezi kutumia chakula, usipewe. Mgonjwa alifungishwa hadi sukari iishe kwenye mkojo, kisha akaongezewa chakula kidogo kidogo mpaka ijulikane kiasi anachoweza kuvumilia. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji kumwagwa ili wanga utoke. Kila kitu kilipimwa kwa mizani. Kuna vipindi Elizabeth aliishi kwa kalori 400 hadi 800 kwa siku. Mtoto wa umri wake anahitaji 2,000 hivi.

Usimchukie Dk. Allen. Hakuwa na dawa nyingine, na njia yake iliwapa baadhi ya watoto miaka ya ziada. Lakini soma alichoandika yeye mwenyewe kuhusu mgonjwa wake mmoja, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa amepofuka. Sukari iliendelea kuonekana kwenye mkojo wake, na hakuna aliyeelewa inatoka wapi, maana alikuwa chini ya ulinzi hospitalini. Mwishoni walibaini kwamba alikuwa akila dawa ya meno, na mbegu za ndege aliyefugwa kwenye kizimba.

Mimi huwafikiria sana wauguzi wa wodi ile. Waliamini mtoto hana mahali pa kupata chakula. Njaa ilimwonyesha.

Elizabeth yeye alikuwa mtiifu mno. Alikuwa na muuguzi wake, Blanche Burgess, aliyempimia kila alichokula. Ilipofika siku yake ya kuzaliwa, keki yake ilikuwa boksi la kofia lililofunikwa karatasi za waridi na nyeupe, na mishumaa juu yake. Alizima mishumaa kama mtoto mwingine yeyote, ila hakuna kilichokatwa. Familia ilipokwenda kula nje wakati wa kiangazi, wenzake walikula nyama, samaki na tikiti maji, naye alikuwa na kikaango chake kidogo cha kukaangia yai.

Mtazame na mama yake, Antoinette. Mwaka 1920 alimzika binti yake mkubwa, Helen, aliyeuawa na kifua kikuu akiwa hajafika miaka 30. Wakati huohuo alikuwa na huyu mdogo anayepungua mbele ya macho yake. Kabla ya ugonjwa Elizabeth alikuwa na kilo 34 hivi. Kufikia Agosti 1922 alikuwa na kilo 20, msichana wa karibu miaka 15, mwenye urefu wa mita moja na nusu. Ngozi ilikauka, nywele zikapungua, kutembea kukawa kazi.

Toronto, Agosti 1922

Mwaka mmoja kabla, katika mji wa Toronto nchini Kanada, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kukamua dawa kutoka kongosho za wanyama, katika maabara ya Profesa John Macleod. James Collip ndiye aliyeisafisha ikafaa kwa binadamu. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa. Sindano ya kwanza haikusaidia sana. Ya pili, siku chache baadaye, ikashusha sukari. Hiyo ndiyo insulini.

Antoinette alisikia, na mwezi wa Julai akamwandikia Banting kumwombea binti yake. Banting alimkatalia. Dawa ilikuwa chache kupita kiasi na wagonjwa walikuwa wakifa pale pale Toronto. Wiki chache baadaye alikubali. Watu wamejiuliza tangu hapo kama cheo cha baba ndicho kilichofungua mlango, na nadhani wana haki ya kujiuliza, kwa sababu kuna kina mama wengine waliopiga hodi mlango huo huo bila kufunguliwa. Hata leo tunalijua jambo hilo, tukifika kliniki tukaambiwa insulini imeisha.

Tarehe 16 Agosti 1922 Elizabeth alichomwa sindano yake ya kwanza. Siku tatu baadaye alitimiza miaka 15.

Banting hakutaka kumwongezea chakula kwa hofu. Ndani ya wiki mbili alikuwa akila zaidi ya kalori 2,000 kwa siku. Mama yake alikuwa amemfikisha na kumwacha na Blanche, kwa hiyo habari zilikwenda kwa barua, na barua zile zilijaa chakula. Alikula mkate mweupe, wa kwanza kwa zaidi ya miaka mitatu. Alikula makaroni kwa jibini. Uzito ulipanda karibu kilo moja kila wiki. Mwishoni mwa Novemba alirudi nyumbani Washington kula sikukuu ya shukrani na familia yake, na mwanzoni mwa 1923 alikuwa amezidisha uzito wake mara mbili.

Hapa ndipo nataka tuketi kidogo, mimi na wewe.

Elizabeth hakuanza kula ovyo. Insulini ile ya kwanza ilikuwa chafu na iliuma, ilimvimbisha mapaja na makalio, na nguvu yake ilibadilika chupa hadi chupa. Blanche aliendelea kupima kila sahani kwa mizani, na Elizabeth alijifunza kujichoma mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba chakula kitamu kilipata nafasi ndani ya hesabu. Zaidi ya hapo, pipi iliyokuwa marufuku miaka mitatu ikawa dawa yake. Insulini ikizidi chakula, sukari hushuka sana, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Tiba yake ni sukari. Kwa hiyo msichana yule aliyezimia mishumaa juu ya boksi la kofia aliagizwa na daktari wake kuwa na kitu kitamu karibu naye siku zote.

Tuje nyumbani kwako

Nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi, nilimwambia mama mmoja afungie sukari kabatini na asimruhusu mtoto wake, wa miaka tisa hivi, kuonja kitu chochote kitamu. Alinitii. Daftari la vipimo lilikuja safi kila mwezi, nikampongeza. Kisha tukapima kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kikatoka juu sana. Mtoto alikuwa akila sukari kwa majirani na kuandika namba za uongo, kwa kuogopa mama yake na kuniogopa mimi. Nilikuwa nimesoma habari za yule mvulana na mbegu za ndege chuoni, na bado sikumwona alipokuwa amekaa mbele yangu.

Kwa hiyo jibu langu la leo ni hili: mtoto mwenye kisukari anayechoma insulini anaweza kula kitu kitamu siku moja moja, akila kwa mpango, mbele yako, na kwa kiasi mnachokijua.

Mpango ni nini? Kwanza ni wakati. Keki ikiliwa mara baada ya mlo huingia kwenye damu taratibu kuliko ikiliwa peke yake tumboni kukiwa kutupu. Watoto wetu wengi wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile inayochomwa asubuhi na jioni, ambayo sehemu 30 katika 100 hufanya kazi haraka na 70 hufanya kazi polepole. Kama wako ni mmoja wao, kitamu kikae pamoja na mlo unaofuata sindano. Saa kumi jioni, sindano ya asubuhi ikiwa inaishia, si wakati mzuri wa kipande cha keki. Mtunzie cha kwake, umwonyeshe unapokiweka, akile baada ya chakula cha usiku. Mtoto anayeona kipande chake kipo husubiri vizuri kuliko unavyodhani. Kama anatumia insulini ya haraka kila anapokula, muulize mhudumu wa kliniki akufundishe kuhesabu wanga na kuongeza dozi. Usibadilishe dozi kwa kubahatisha.

Pili, badilishana. Kipande cha keki kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto, au andazi moja la wastani, ni wanga kama ulivyo wali. Ukimpa andazi, punguza wali au chapati kwenye sahani ileile, lakini usipunguze maharage, mboga, samaki au nyama. Familia nyingi huongeza kitamu juu ya sahani iliyojaa, halafu hulaumu kitamu peke yake.

Tatu ni kupima, kama vipande vya kupimia mnavyo. Pima kabla ya kula, na tena saa mbili baadaye. Namba utakayoiona ikufundishe. Isiwe fimbo ya kumchapia mtoto. Kama kabla ya kula sukari tayari iko juu kuliko kiwango mlichopewa kliniki, au mtoto anaumwa, ana homa au anatapika, kitamu kisubiri siku nyingine na umwone mhudumu wa afya. Insulini yenyewe haisubiri, hata siku ambayo mtoto hali vizuri.

Soda naiweka kando, na hapa sina upole. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 8 au 9 vya chai, na inaingia kwenye damu kwa kasi kuliko keki. Usimpe kama starehe. Iweke ndani kwa kazi ile ile ya pipi za Elizabeth. Mtoto akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuwa mkali au mlegevu ghafla, au kipimo kikisoma chini ya 4 (kwenye mashine za namba kubwa, chini ya 70), mpe mara moja. Nusu glasi ya soda ya kawaida inatosha kwa mtoto mkubwa, au vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji. Kwa mdogo wa miaka mitano hivi, kijiko kimoja na nusu hadi viwili. Subiri dakika 15, pima tena au mwangalie, rudia kama hajapata nafuu, kisha mpe chakula. Soda isiyo na sukari haisaidii hapo. Chokoleti na keki pia si dawa ya wakati huo, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia. Akizimia au akipata degedege, usimtie kinywaji mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize kituo cha afya.

Kuna jambo moja la lugha. Acheni kumwambia mtoto kwamba kitamu ni sumu. Siku sukari yake itakaposhuka shuleni, na rafiki yake akamletea maji ya sukari, unataka anywe bila kuogopa.

Miaka iliyofuata

Elizabeth alisoma chuo cha Barnard jijini New York na kumaliza mwaka 1929. Mwaka 1930 aliolewa na mwanasheria William Gossett, wakaishi Michigan, akazaa watoto watatu. Mwanamke aliyekuwa na kilo 20 akiwa na miaka 15 alibeba mimba tatu. Nawaambia hivyo kina mama wenye mabinti, kwa sababu swali la kama ataweza kuzaa huwa linanongonezwa tu, mara nyingi mlangoni, nikiwa naondoka. Ndiyo, anaweza, ila mimba ya mwenye kisukari inataka maandalizi kabla na kliniki ya karibu wakati wote.

Alifanya kazi nyingi za kujitolea, na katika miaka ya 1970 alikuwa mwanzilishi wa chama kinachohifadhi historia ya Mahakama ya Juu, ile ambayo baba yake alirudi kuwa Jaji Mkuu wake mwaka 1930.

Lakini kisukari chake alikificha. Alimwambia mumewe mtarajiwa walipokuwa wameshachumbiana, na marafiki wa miaka mingi hawakujua kabisa. Aliharibu karatasi zilizotaja ugonjwa wake na kuuondoa kwenye kumbukumbu za baba yake. Mwaka 1980, mwanahistoria wa Kanada, Michael Bliss, alipokuwa akiandika historia ya insulini, alishangaa kugundua kwamba msichana yule wa 1922 alikuwa bado hai. Alifariki Aprili 1981 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73. Inakadiriwa alichomwa sindano zipatazo 42,000.

Siwezi kumhukumu kwa kuficha. Alikuwa ametazamwa na kuhurumiwa akiwa mtoto, labda alichoka. Ila kwa mtoto wako nakuomba tufanye kinyume. Mwambie mwalimu wa darasa, mwambie shangazi anayeandaa sherehe, mwambie jirani ambaye watoto wanashinda kwake. Waambie mambo mawili: dalili za sukari kushuka na mahali glukosi au sukari yake inapokaa kwenye begi, halafu kwamba asipewe kitu kwa siri, hata kwa huruma, kwa sababu kilicholiwa kwa siri hakimo kwenye hesabu ya sindano. Bibi ndiye mgumu zaidi kumshawishi. Mchukue mje naye kliniki siku moja.

Na siku mtoto atakapokula keki ya kuzaliwa, andika kwenye daftari: keki, kipande kimoja, saa, namba ya kabla na ya baada. Ikiwa namba ilipanda, iandike hivyo hivyo ilivyo, uje nayo. Tutaiangalia pamoja na kuona tupunguze nini kwenye sahani, au kama dozi ya jioni ndiyo inayohitaji kuangaliwa upya.